Zilpah Kananu, Bibi Shamba Aliyefungua Njia ya Maji

Alizaliwa Zilpah Kananu mwaka wa 1955 katika kijiji kilicho juu kidogo ya Nkubu, Meru, ambako mtoto hujua kushika jembe kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Baba yake alikuwa mtu wa kahawa, mama yake mtu wa ndizi na ndimu, na kwa mama huyo Zilpah alirithi mikono iliyobarikiwa na, tusimfiche msomaji, ubishi wa kutosha watu watatu. Katika nchi ile kila kipande cha ardhi kina ua wake, na ardhi isiyo na ua huhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Msomaji alishike neno hilo, kwa maana ndilo litakalomwangusha mtumishi huyu wa Mungu, na ndilo litakalomwinua.

Mwaka wa 1998, akiwa mjane mwenye watoto wawili, alihamishiwa Garissa kama bibi shamba wa serikali. Wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa mara ya pili. Kwa miaka kumi na saba alizunguka huko na kule akihimiza watu wapande miti, na watu wakamsikiliza kwa adabu kisha wakarudi kwa mifugo yao. Alipostaafu mwaka wa 2015, mwanawe Kinoti alikuja na lori kumchukua. "Mama, mwenda kwao si mtumwa," alimwambia, na mama akafunga sanduku lake. Godoro lilikwisha pakiwa alipofika jirani, Qali Sugow, amemshika mkono bintiye Idil. Ukame ulikuwa umewamalizia mbuzi wa maziwa, na binti yule alikuwa akila uji mtupu miezi mingi, hata fizi zake zikavimba na kutoka damu. Zilpah alitazama kinywa kile, akaingia jikoni mlimokwisha fagiwa, akarudi na ndimu zote zilizobaki. Akamweleza Qali kwamba ugonjwa ule huletwa na kukosa matunda, na dawa yake ndiyo ile. Qali alizipokea, kisha akasema polepole: "Mama Kananu, hii dawa wewe najua siku zote. Sasa wewe nabeba, nakwenda nayo Meru?" Zilpah alikaa juu ya sanduku lake akalia waziwazi mbele ya mwanawe. Jioni ile alimwomba Kinoti ateremshe godoro, na lori likarudi Nkubu tupu.

Wazee wa kijiji cha Kotile, huko huko Garissa, walimpa mahali pa kulima kando ya mto Tana, naye akaanzisha kile ambacho akina mama mpaka leo hukiita semina ya Kananu. Kila Alhamisi walikuja, wengine kutoka mbali, na kiingilio kilikuwa debe moja la samadi ya mbuzi. Aliwafundisha kuchimba shimo la mti na kulijaza samadi, kufukia chupa iliyotobolewa kando ya shina ili maji yatone mizizini, kukausha papai juani likakaa miezi, kujenga jiko la udongo linalokula kuni chache, na kulichukua jicho la mti mtamu na kulifunga kwenye shina la mti mwitu mpaka likashika. Semina ilifunguliwa kwa dua mbili: Qali alikunjua viganja, Zilpah akafanya ishara ya msalaba, kisha wote wakashika majembe. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kwa ukali ni nafsi ngapi alizokwisha kuzileta kwa Bwana. Akamjibu, "Mzee, Mungu mwenyewe alianza na bustani. Mimi bado niko pale." Mzee aliondoka na mapapai mawili na hakuuliza tena.

Sasa tufike kwenye kosa lake, kwa maana mtakatifu asiye na kosa hatusaidii sisi wengine. Ubavuni mwa shamba lile kulikuwa na ukanda mpana, mtupu, ulioteremka moja kwa moja hadi mtoni. Ulikuwa hauna ua. Zilpah, binti wa Nkubu, aliuona akahuzunika kwamba ardhi nzuri imeachwa ilale, na mwaka wa 2016 akauzungushia miba akapanda milimau na mindimu mia moja na arobaini. Miaka ile mabwawa ya bara yalikuwa na maji, na mifugo haikuwa na haja ya kushuka mtoni. Miti ikakua, ikazaa, na macho yaliyokatwa kwayo ndiyo yaliyofungwa kwenye miti ya mashamba mengine yote. Wageni walipewa picha zake.

Oktoba mwaka wa 2021 mvua ilikataa, na Alhamisi moja asubuhi, semina ikiendelea, vumbi lilionekana upande wa bara. Walikuwa wafugaji waliotembea wiki tatu kutoka upande wa Buna, ng'ombe wao wakiwa mifupa inayotembea. Wanyama walinusa mto, wakakimbilia ule ukanda, wakasimamishwa na miba. Kiongozi wao, mzee Abdihafid, alisogea. "Salaam aleikum. Nani nafunga malka?"

Zilpah hakulijua neno hilo. Mzee akamweleza bila kupaza sauti: "Malka, njia ya maji. Baba yangu nabita hapa, babu yangu nabita hapa. Mama, wewe mgeni, mimi kwako hasira hakuna. Lakini ng'ombe hajui mgeni." Malka nyingine ilikuwa mwendo wa nusu siku, na ndama wawili walikuwa wamekwisha lala chini. Vijana wake walikuwa wameshika mapanga, na miongoni mwa akina mama mmoja alianza kupiga simu polisi.

Zilpah alimgeukia Qali. "Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Wewe nabanda miti hii kwa mabenzi, kwa moyo yako yote. Mimi naona haya kusema."

Miti ile ilikuwa miaka mitano ya jasho lake, ilikuwa darasa lake na jina lake. Aliitazama yote, mstari kwa mstari. Kisha akamwomba kijana mmoja panga lake, na kijana kwa mshangao akampa. "Akina mama, somo la leo limebadilika," alisema. "Leo tunajifunza kufungua njia." Akaukata mlimau wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akilia, na watu wote wakaingia kazini, wafugaji na wanafunzi wake pamoja. Adhuhuri ng'ombe wa Abdihafid walikunywa.

Wafugaji wale walikaa mtoni miezi miwili, na Mulki, mkewe Abdihafid, akaanza kuja semina. Ni yeye aliyesema kwamba kwao hakuna mto wa kumwagilia milimau, ila mikunazi ya mwitu imejaa. Zilpah, bibi shamba wa miaka mingi, alijipiga paji la uso: alikuwa amebeba miti ya kwao Meru huku mti wa mahali pale ukimngoja porini. Akamfundisha Mulki kufunga jicho la kunazi tamu kwenye shina la mwitu. Mvua iliporudi, vijiti vyenye macho hayo, vilivyoviringishwa kwa gunia bichi, vilisafiri hadi Buna, na kutoka huko hadi Banissa, mahali ambapo Zilpah hakuwahi kufika.

Alifariki usingizini Machi 2024, akiwa na miaka sitini na tisa, na watoto wake wakamzika Nkubu. Mulki alisafiri siku mbili kuja mazishini, na juu ya kaburi hakuweka maua bali bakuli la kunazi.

Yanasimuliwa mengi juu yake, na Kanisa lina watu wake wa kuyapima. Sisi tunasema tu tulichokiona. Katikati ya malka ya Kotile, kisiki kimoja cha mlimau, kilichotafunwa na kukanyagwa na maelfu ya kwato, kilichipua. Na Abdihafid, ambaye ukoo wake haukuwahi kujenga ua katika njia ya maji, hushuka kila kiangazi na kuuzungushia mti huo miba mipya kwa mikono yake, na mifugo hupita kulia na kushoto kwenda kunywa. Wewe usomaye haya, tazama leo ua wako mwenyewe, uulize ni nani amesimama nje yake na kiu. Na Mungu aliyempa Zilpah mkono wa kupanda na moyo wa kukata, atupe na sisi vyote viwili.