Osuga na Chumvi ya Samaki

Leo mjukuu wangu, huyu ananiita Dani kama nyanya yake, amemwaga chumvi ya kukausha samaki kwa mboga yangu, ati ananionyesha masomo. Hiyo harufu ikanipiga puani nikacheka peke yangu.

"Dani, ona! Ndani ya jani kuna vifuko vidogo vidogo vya maji, inaitwa vakuoli. Ikijaa maji, jani inasimama. Chumvi inavuta maji nje, jani inalala."

Ala! Mimi hiyo nilifunzwa soko, huko chini kwa ziwa, nikiwa kasichana. Mama alinipa karai ya osuga, ile mboga ya mnavu, niuze mwenyewe. Ikiisha, atanishonea rinda ya kanisa. Nikakaa na mtoto wa mama mkubwa, ile dada alikuwa ananisuka nywele. Yeye pia anauza osuga. Jua ikawaka.

"Mdogo wangu, mboga yako imechoka," akaniambia polepole. "Nyunyizia maji ya chumvi, itaamka."

Nikakimbia kwa wamama wa samaki, wakanipa chumvi ngumi mzima, nikakoroga kwa maji, nikanyunyizia. Dada, osuga yake akanyunyizia maji ya ziwa tu. Kidogo, osuga yangu ikalala kama kitambaa ya kupangusa meza. Wateja wakacheka: "Wewe mtoto, hii umeshapika?" Wakageukia ya dada, imesimama kama jogoo. Ikaisha yote.

Jioni dada akanibebea karai mpaka nyumbani. Mama akaangalia ndani.

"Usimchape, Mama," dada akasema kwa huruma. "Huyu hajui tu kuuza."

Nikaangalia mdomo yake, nikingoja aseme ile maneno ya chumvi. Akaomba uji.