Message queue: nilichana ujumbe kabla haujafika Runzewe

Wakuu, meneja aliponiagiza niwe nachana karatasi za ujumbe mara tu dereva anapochukua nakala, nilipaswa kukataa. Nikajibu, "Sawa mzee."

Nawasalimu. Haya yamenikuta mwenyewe, sipambi kitu.

Nawaona humu mnavyotambiana na message queue, hiyo foleni ya ujumbe ya kompyuta, kana kwamba mmeileta ninyi duniani. Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa redio kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga.

Queue yangu ilikuwa msumari ukutani.

Ujumbe ukiingia, nauandika, natundika. Mtumaji anaendelea na shughuli zake, hasubiri mpokeaji apatikane. Dereva wa upande ule akipatikana, anachukua nakala. Karatasi yangu inabaki msumarini mpaka arudi aseme, "Nimemkabidhi."

Hapo ndipo nachana. Asiporudi na jibu, nampa dereva mwingine. Mtu akisalimiwa mara mbili hadhuriki. Akiagizwa mara mbili kupakia pamba, lazima ajue kwamba ni agizo lilelile.

Basi. Lile jibu la dereva ndilo mnaliita ack, mnalilipia na semina.

Meneja, bwana wa tai na marashi, alikuwa na wageni. "Ukuta gani huu, kama bucha? Dereva akishachukua, kazi imeisha. Chana!"

Imeisha! Wengi wenu mnaweka auto-ack hivyohivyo, mfumo ufute ujumbe ukishachukuliwa tu, halafu mnajiita mainjinia.

Mama yetu alipozidiwa, nilimwandikia mdogo wangu, aliyekuwa Runzewe, aje haraka. Dereva Masanja akachukua. Nikachana.

Lori, nilikuja kujua baadaye, likakwama kwenye matope, karatasi ikalowa mfukoni, Masanja akaitupa na kuisahau. Msumari ulikuwa mtupu, kwa hiyo sikutuma tena. Mpumbavu mimi, nikawatangazia ndugu kwamba mdogo wangu amegoma kuja.

Mama alikufa akimuulizia.

Tulishazika mdogo wangu alipofika kututembelea, kuku mkononi.

"Kaka, huyu ni wa Mayu. Yuko wapi?"

"Mama tumemzika. Si nilikutumia ujumbe?"

"Nani alikwambia nimeupata?"



Kwa hiyo anayeanza ashike hili: usifute ujumbe kwa sababu umechukuliwa. Futa mpokeaji akisema amemaliza. Mwenye hoja ya kutetea auto-ack aiweke hapa chini, nina muda wa kubishana naye.

Mdogo wangu aliweka kuku chini, akaondoka. Hakunisalimia tena mpaka anakufa.