Shemeji, Tairi Nachagua Mimi

Leo hapa Kisumu muuzaji wa tairi ameniuliza, "Mama, kwani Baba hatakuja kuchagua mwenyewe?"

Weh! Mimi?

Miaka ya tisini nilikuwa naendea samaki Usenge na pikipiki ya mume wangu. Alipofariki, shemeji akasema hiyo ni mali ya ndugu. Nikakataa. Basi Jumapili moja, nikiwa kanisani, akaja akatoa tairi zote mbili, akaniachia pikipiki imekaa juu ya mawe.

Sikulia. (Nilikuwa nimelia ya kutosha.)

Nikaja Kisumu kutafuta zingine.

Mwenye duka akaniambia, "Mama, wewe chukua tu hizi za mtumba, zimeletwa jana."

Nikageuza moja.

Ubavuni kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu.

Mshono wangu! Fundi wa Usenge ndiye alinishonea, mimi nikiwa nimemsimamia.

Yaani shemeji ameniibia tairi, halafu mimi ndio nizinunue tena? Kwa lipi?

Nikazisukuma kando. Nikafungua fundo la leso, nikachukua mpya kabisa, zile za meno makubwa ya kushika matope. Kesho yake nikapita polepole mbele ya boma la shemeji, nikapiga honi mpaka kuku wakatawanyika.

Wajane wenzangu, nyinyi walitaka kuwanyang'anya nini? Semeni hapa chini.

Na yule muuzaji wa leo nimemjibu vizuri tu:

"Baba tulimzika zamani. Leta zenye meno."