Kabichi Zilizoteremka Mlima

Ninyi mliosoma pande zetu za Othaya, mkienda shule asubuhi za ukungu na sweta iliyofumwa na mama, mtanielewa haraka. Tulipokuwa darasa la tano tulipewa shamba. Shamba letu wenyewe! Kipande cha mteremko nyuma ya madarasa, ambapo mwalimu mkuu alikuwa akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe wake. Aliyetuombea ni mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Gathoni, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande.

"Siku ya wazazi ikifika na sijaona mboga," alituambia kwenye paredi, "hiyo shamba inarudi kwa ng'ombe yangu."

Gathoni alikataa kutupangia. "Shamba ni yenu. Chora, panga, mimi niko hapa."

Tulishikwa na wazimu. Tulichora ramani kwa majivu uwanjani, tukabishana mpaka sauti zikakauka. Wavulana walitaka viazi, viazi kila mahali. Wasichana tulitaka kabichi na karoti. Rafiki yangu Wambui, mrefu kuliko sisi sote na mpenda kuamuru, akaamua mistari ishuke wima kutoka juu hadi chini, ati ndiyo wapita njia waone ilivyonyooka. Tulivuta kamba ya katani tukalima hivyo. Samadi tulitoa kwetu, kwa ndoo na karai. Kariuki alibeba yake ndani ya mkoba pamoja na vitabu, na hesabu zake zikanuka zizi hadi muhula ukaisha.

Kisha mvua ikaja. Asubuhi tulikuta mistari yetu mizuri imegeuka mito, na miche ya kabichi imeteremka yote hadi nyumbani kwa mwalimu mkuu, pale chini. Mmoja ulikuwa umeegemea mlango kama mgeni anayengoja chai. Mwenye nyumba alisimama amevaa gambuti zake za mvua.

"Hizi zinatafuta nini kwangu?"

Tulikuwa karibu kulia. Lakini Gathoni aliangua kicheko, nasi tukacheka hadi tukashika mbavu. Alipojifuta machozi akauliza, "Sasa niambieni. Mbona kule ng'ambo mchanga haukushuka?"

Ng'ambo ya bonde palikuwa na shamba la chai. Tulikodoa macho. Wambui ndiye aliyeruka. "Mwalimu! Chai imezunguka mlima! Yetu tulipanda ikishuka!"

Tulikimbia kama ndama waliofunguliwa. Tulichimba matuta ya kukata mteremko, tukapanga mawe, na Wambui huyohuyo akasema kingo zishikwe na nepia. Mwalimu mkuu aliposikia ng'ombe wake hajasahauliwa, alileta jembe lake mwenyewe.

Mvua iliyofuata tulisimama dirishani tumebanana. Maji yalifika kwenye tuta la kwanza, yakatulia. Tulipiga kelele hadi darasa la sita wakadhani shule inaungua!

Siku ya wazazi kabichi zilikuwa kubwa kuliko vichwa vyetu. Baba yangu, mtu asiyejua kusifu, alibonyeza moja kwa kidole gumba. "Hii ni kabichi," akasema, akaendelea na safari yake. Nilielea kwa furaha wiki nzima.

Leo mwanangu anasoma Nyeri mjini. Majuzi walipewa kazi ya kupanda haragwe kwenye chupa. Siku ya pili alilitazama kwa huruma, kama simu iliyokwama: "Mum, hii mbegu imehang." Akatafuta kwenye simu jinsi ya kuliharakisha. Kabla haragwe halijatoa jani, alikuwa ameshajua kila kitu kulihusu, na ameshachoka nalo.

Simlaumu. Anajua mambo mengi ambayo sisi hatukuyaota. Ila hakuna aliyewahi kumwachia mlima mzima auharibu pamoja na marafiki zake, wacheke, kisha waanze tena. Chupa yake iko dirishani pa jikoni. Ninayeimwagilia maji ni mimi.