Mpini wa Shoka la Mtemi

Mchoraji alitandaza picha zake mkekani, nyumbani kwa shangazi yangu, Butiama. Tulikuwa tunatengeneza kitabu cha picha kutokana na utenzi mrefu ambao shangazi peke yake ndiye aliyebaki kuujua wote. Ndani yake mtemi anaamuru kijana aliyeiba ng'ombe wa tambiko la mvua akatwe kichwa. Kazi yangu ilikuwa kuuweka kwa Kiswahili. Mchoraji, kijana wa Manyamanyama, Bunda, alikuwa amechora shoka pana kama sinia, na mkataji kafunika uso.

"Hili umelitoa wapi?" shangazi akauliza.

"Mtandaoni, bibi. La Ulaya."

"Na huyu anajificha nini? Huku walikuwaga wanamjua mpaka mbuzi wake!"

Tulicheka. Kwa niliyoyasoma, huko Ulaya shoka la kukatia watu vichwa lilikuwa la serikali, chuma na mpini. Katika utenzi wetu chuma ni cha mtemi, lakini mpini unaletwa na nyumba ya anayeuawa, ili baadaye asitokee wa kudai kisasi. Aliyeuleta ni mama wa kijana. Shangazi aliziimba beti hizo polepole, nami nikarekodi kwa simu: mama anachagua mti, anachonga, anausugua mpini mpaka uwe laini, usimchome mkataji kiganja. Mchoraji aliacha kutazama picha zake.

Mama yule ni wa ukoo wetu.

Siku chache baadaye, picha ya mama na mpini ikiwa tayari, akaja mtoto mkubwa wa shangazi, anayeuza dagaa Mwigobero, Musoma. Binti yake alikuwa ameposwa Murangi. Aliitazama picha ile, akaigeuza kifudifudi.

"Mama, wazee wa kule Murangi bado wanashika mambo haya. Nyumba iliyochonga mpini hawaoi kwake. Hawajajua kuwa ni sisi."

"Ni utenzi tu," nikasema.

"Kwako wewe mwandishi. Una binti anayeolewa?"

Shangazi alisugua magoti yake kwa muda mrefu, kisha akamwambia mchoraji, "Mchore mikono mitupu." Akanigeukia. "Na wewe, baba, zifute beti za mpini."

"Shangazi, hakuna mwingine anayezijua."

"Si mimi ndiye niliyezitunza? Futa."

Nilifuta mbele yake. Akataka kusikia rekodi iliyobaki, ahakikishe. Sauti yake ilifika pale mama anapotoka mlangoni, halafu moja kwa moja shoka likashuka. Binamu yangu akashusha pumzi. Shangazi akasema iko sawa, akaomba ashikwe mkono asimame.

Binti aliolewa. Wazee wale wa Murangi wamekwisha kufa, na shangazi pia, ndiyo maana ninaweza kuandika. Beti zile nakumbuka zilisema nini. Maneno yenyewe sina.