Swali la Mwisho la Somo la Damu

Ukurasa huu wa ushauri umeahidi kulificha jina langu, kwa hiyo nasema. Nina miaka sitini na nane, daktari bingwa wa wanawake na uzazi. Nilizaliwa Ndalambo, ujana wangu ukaishia hospitali za Zambia. Niliporudi kufanya kazi Tunduma, hata Kinamwanga changu, lugha ya nyumbani, kilichekwa.

Leseni yangu inaisha mwezi huu. Ili ihuishwe lazima nitimize alama za mafunzo endelevu, na limebaki somo moja la mtandaoni: kutokwa damu baada ya kujifungua. Linafundisha tusikadirie damu kwa macho. Mama awekewe chini yake mfuko wa plastiki wenye vipimo, wa kukinga damu. Sisi tulifundishwa kutazama shuka. Mimi nilisifiwa kwa jicho langu.

Neema, mzazi kutoka kijiji cha Hasamba, nilimtazama hivyo, miaka michache iliyopita. Nikasema, "Ya kawaida hii." Alipoomba maji mara ya pili, midomo ilikuwa imekwisha kupauka. Makaburini mama yake alinipa udongo niutupe kabla ya wajomba wa marehemu. "Wewe ndiye uliyemshika mwisho," alisema.

Somo nimelitazama lote. Swali la mwisho linauliza: umewahi kukutana na hali kama hii? Eleza ungefanya nini tofauti. Hapo nakwama. Kila nikishika simu namsikia Neema akiomba maji, kwa adabu, kama anayeogopa kunisumbua.

Mpwa wangu, naye daktari, ananicheka. "Mjomba, andika hapana, uchukue alama zako! Nani anasoma hayo? Wenzio wanaacha video inaongea, wao wanakula ugali."

Pengine ningeandika. Lakini juzi Mama Neema alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Mpemba, na kifurushi cha kahawa, kama kila msimu wa mavuno. Nyuma yake alikuwa binti yake mdogo, tumbo limeshuka.

"Huyu simpeleki kwa mwingine, Daktari."

"Wapo vijana wazuri, mama."

"Hao vijana walimlilia Neema? Usitukimbie bwana."

Bila leseni simgusi binti huyo. Nikiandika hapana, nitaingia chumba kile nikiwa nimemkana dada yake. Nikiandika kweli, sitaweza kumficha mama yao nilichokiandika, na huenda akamwondoa binti mikononi mwangu. Labda ndivyo inavyotakiwa, sijui.

Ndugu mnaosoma, nishaurini, niandike nini? Kahawa ipo mezani. Sijaifungua.