Mjomba Aliyenunua Nyumba Katika Mji Unaopungua

Baba alinipigia simu kutoka Kitale kuniuliza masomo yamefika wapi. Nikamwambia naandika tasnifu juu ya mji mdogo wa Amerika. Akasema, "Yaani umevuka bahari ukaenda Uingereza ili usome habari za Amerika?"

"Ndiyo, Baba."

"Na huko Amerika wanasoma habari za nani? Za Kitale?"

Nilikuwa naishi Selly Oak, mtaa wa karibu na chuo, katika nyumba ya wanafunzi watano na bafu moja, na nilikuwa nimefika kusomea mipango miji. Msimamizi wangu, mzee wa Kiingereza aliyevaa sweta za kufumwa kwa mkono hata kukiwa na jua, alikuwa ameandaa orodha ya miji midogo ya Amerika iliyopoteza watu baada ya viwanda vyake kufungwa. Kila mwanafunzi alitakiwa achague mmoja. Mimi nilichagua wangu kwa sababu jina lake lilikuwa fupi, na nilijua ningelichapa mara nyingi.

Nilikaa maktaba wiki mbili nikikusanya hesabu za sensa za mji ule, moja baada ya nyingine, tangu enzi za mabibi wa mabibi wa wakazi wake. Nikazichora. Mstari ulipanda, ukatulia juu kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukaanza kuteremka na haukusimama tena. Siku hiyohiyo nikaandika kichwa cha tasnifu: kifo cha mji mdogo. Nilikipenda mno. Nilijiona msomi kabisa.

Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa Aston, upande wa pili wa jiji, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa la Waingereza waliokuwa wamebaki wachache, tena wazee. Wao walisali asubuhi wakiwa kama kumi na wawili, wakatuachia birika za chai zikiwa zimeoshwa. Sisi tuliingia mchana na watoto wetu, vinanda vyetu na Kiswahili chetu cha namna tatu. Shemasi wetu Mtanzania akisoma matangazo, Wakenya tulicheka kwanza kwa jinsi alivyokuwa rasmi, Wakongomani waliulizana amesema nini, halafu mambo yakaendelea.

Siku moja baada ya ibada nilikaa karibu na mama mmoja aliyetoka mashariki ya Kongo, mkazi wa mtaa wa Stechford, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni. Watu wote tulimwita Mama tu. Akaniuliza nasoma nini. Nikamweleza. Nilipoutaja ule mji, akaweka kikombe chini.

"Kaka yangu eko pale."

"Yuko Amerika?"

"Eko pale. Kwa ile mji."

Nilidhani amesikia vibaya. Amerika ina miji mingi yenye jina moja, nikamwambia hivyo kwa upole wa mtu aliyekaa maktaba wiki mbili. Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha yenye stempu za Amerika, akanionyesha anwani nyuma. Mji ni ule. Jimbo ni lile. Hata namba ya posta niliitambua.

"Jumapili ijayo unakuja kwangu," akasema. "Tutamupigia."

Basi Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulifuatana naye hadi Stechford. Alinilisha sombe, yaani kisamvu cha kwao, na samaki na bugali mpaka nikaona aibu ya kuomba maji. Ilipofika saa kumi na moja jioni, ambapo kule kwa kaka yake ilikuwa bado asubuhi na ibada yao haijaanza, Mama alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akabonyeza tarakimu zile zisizoisha, akaongea Kifaransa kidogo na Kiswahili kingi, kisha akanipa simu.

Kwa kuwa nilimwita dada yake Mama, yeye nilimwita Mjomba. Hakuona ajabu. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za baridi, kisha akasema, "Dada yangu anasema unaandika juu ya mji yetu. Unaandika nini?"

Nikajieleza. Nikasema, kwa ufupi, kwamba takwimu zinaonyesha mji unakufa.

"Unakufa? Ulikufa siku gani? Sababu jana nilienda kazi na batu bote nilibakuta."

Mama, aliyekuwa ametega sikio karibu na langu, alicheka mpaka akashika meza.

Mjomba alikuwa amefika pale na mkewe na watoto wanne miaka mitatu nyuma, wametokea kambi ya wakimbizi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuku nje ya mji, akikata mapaja tangu asubuhi hadi alasiri. Kiwanda kilikuwa kimekosa wafanyakazi kwa sababu vijana wa mji walikwenda zao miji mikubwa, kwa hiyo kikachukua Wameksiko, kisha Wakongomani. Haya yote sikuyasoma popote. Nilimwomba aniambie zaidi, na tangu siku ile kila Jumapili nilishika treni ya Stechford na daftari langu.

Mjomba aliichukua kazi hii kwa uzito zaidi kuliko mimi. Wiki ya pili aliniambia amepita mtaa wake mzima kwa miguu kuhesabu nyumba zenye watu.

"Umejuaje zipi zina watu?" nikamuuliza.

"Majani. Mahali majani imekatwa, mutu eko. Mahali majani imefika kwa dirisha, hakuna mutu."

Kwenye mtaa wake kulikuwa na nyumba kumi na nne. Tisa zilikuwa na watu. Moja, aliongeza kwa uaminifu wa mtafiti, ilikuwa na majani marefu lakini aliona paka ndani, hajui aihesabu vipi. Nikamwambia aiandike kando.

Jirani yake wa kulia alikuwa bibi wa Kizungu, mjane, aliyezaliwa katika nyumba ileile aliyoishi. Siku ya kwanza familia ya Mjomba ilipofika, bibi huyo hakusema neno. Alisukuma mashine yake ya kukatia majani mpaka mlangoni kwao, akaiacha pale, akarudi kwake. Mjomba hakujua kama ni zawadi au ni lawama. Akakata majani yake, kisha akavuka akakata ya bibi, na urafiki ukaanza hapo. Bibi akawa anamsimulia nani aliishi nyumba gani, na Mjomba akanisimulia mimi: hapa alikaa fundi viatu, hapa daktari wa meno, hapa mapacha waliokwenda vitani akarudi mmoja. Nami niliyaandika Stechford, na mvuke wa chungu cha Mama ukilowesha karatasi.

Nilimpelekea msimamizi kurasa zangu mpya. Akazisoma akiguna. Akasema ni habari nzuri sana, anapenda ile hesabu ya majani, lakini familia moja si takwimu. "Usimpende sana shahidi wako," akaniambia. Nikaondoka nimenuna, kwa sababu nilijua kuna ukweli ndani yake.

Mwezi wa tatu wa simu hizi, nilimkuta Mama Stechford amekasirika, anapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba yule bibi jirani anahamia kwa binti yake katika mji mkubwa, na anataka kumuuzia yeye Mjomba nyumba yake, kwa bei ya kirafiki.

"Anunue nyumba kule!" Mama akasema. "Kule kwenye hakuna mutu! Wakongomani wote beko kwa miji kubwa, kuko makanisa, kuko duka ya sombe, yeye anataka kujifunga kwa kijiji. Wewe umesoma, mwanangu. Leo umwambie ukweli. Ile karatasi yako ya mustari uko nayo?"

Nilikuwa nayo. Nikaitandaza mezani. Tuliinama sote wawili tukiufuata mstari kwa macho ukiteremka hadi ukingoni. Mama alipitisha kidole juu yake, akasema, "Unaona?" kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kusadikishwa.

Simu ikapokelewa. Nikamweleza Mjomba kila kitu. Nikamwambia mji wake umepoteza watu katika kila sensa tangu baba za wenyeji walipokuwa vijana, kwamba nyumba katika miji ya namna hiyo hushuka thamani, kwamba kiwanda kimoja si msingi wa kujengea maisha ya watoto wanne. Nilisema vizuri. Nilitumia hata maneno ya darasani. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kunitia moyo.

Nilipomaliza, nikasubiri akubali.

"Mupwa wangu," Mjomba akasema. "Mimi nimehesabiwa sana. Kwa kambi walituhesabu kila wakati, unasimama kwa mustari, wanaweka wino kwa kidole, unapata unga. Kwa hiyo hesabu naijua. Nakuuliza kitu moja tu. Kwa karatasi yako, mimi niko wapi?"

Niliangalia mchoro. Sensa ya mwisho ilikuwa imefanywa miaka miwili kabla ya yeye kufika. Nukta yangu ya mwisho ilikaa pale chini, nyeusi, na baada yake kulikuwa na karatasi tupu. Yeye, mkewe na watoto wanne, pamoja na familia zote alizonitajia majina miezi mitatu mizima, hawakuwamo.

"Haumo, Mjomba," nikasema.

"Eh. Basi nimesikia."

Hakusema kwa hasira. Alituaga, akasema wanachelewa kanisani. Mama akaniuliza, "Amesema nini? Amekubali?" Nikakunja karatasi yangu na kusema hajakubali.

Akainunua nyumba. Mama alinuna Jumapili tatu. Hakumpigia, na mimi hakunialika. Tulikutana Aston tu, akanipa mkono kwa ncha za vidole. Nilielewa. Alikuwa amenituma nimwokoe kaka yake, nikarudi mikono mitupu. Jumapili ya nne akaja na picha kwenye bahasha, akanisukumia bila neno. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mbao yenye kibaraza, familia nzima imejipanga kwenye ngazi kwa urefu, na yule bibi katikati yao ameshika funguo, uso umekunjamana kwa jua. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mjomba. Nilikuwa nimemdhania mtu mkubwa, kwa ile sauti. Kumbe ni mwembamba, na suruali yake imekazwa kwa mkanda uliozunguka karibu mara mbili.

"Amekonda," Mama akasema, kisha machozi yakamtoka, na akaniambia nije kula.

Nilibakiwa na wiki tano. Nilifuta kile kichwa nilichokipenda, nikaandika kingine kirefu kisichosisimua mtu, na nikaongeza sura juu ya wale waliofika baada ya sensa, jinsi unavyoweza kuwatafuta kwenye hesabu za viti vya shule na za waumini kanisani. Msimamizi alinipa alama nzuri ila si za juu kabisa. Pembeni mwa sura ile aliandika kwa penseli kwamba hakubaliani nami, na kwamba angeisoma tena.

Nani alikuwa sahihi? Sijui mpaka leo. Muongo ulipokaribia kuisha, kiwanda kile kilipunguza zamu moja, na karibu nusu ya Wakongomani wakafunga mizigo wakaenda jimbo jingine lililokuwa na kazi. Nyumba zikabaki tena na majani marefu. Mama aliponisimulia aliniangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu asiyetaka kukumbusha kwamba alisema. Lakini Mjomba hakuhama. Mkewe alikuwa amepata leseni na anaendesha basi la shule, binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, naye mwenyewe alibaki kwenye zamu iliyosalia. Katika uwanja wa jirani uliokuwa mtupu alipanda lengalenga, mchicha wa kwao, na maharage, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukataza.

Mama alipopata pasi ya Uingereza, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kumwona. Alikaa wiki tatu. Aliporudi nilimfuata Stechford na keki, naye akanisimulia huku viatu amevivua na miguu kaiweka juu ya kiti.

"Ni kijiji, mwanangu. Kijiji kabisa. Unatembea mpaka mwisho wa njia, hakuna mutu. Lakini wakipita kwa gari, wote banakupungia mukono. Mimi siku ya kwanza nilisimama, nikafikiri mutu anataka kuniuliza njia."

"Ukafanya nini?"

"Nikamupungia na mimi. Siku ya tatu nikaanza kupunga kwanza." Akakata kipande cha keki, akakitazama, akakata kingine kikubwa zaidi. "Na kaka yangu amenenepa. Hiyo nakuambia kweli. Amenenepa mpaka nimemuonya."